Swali la Kumi na Nne

"Taarifa ya tahadhari ilikufikia kwa njia gani?
Weka alama ya vema panapohusika."
Redio. Ujumbe wa simu. Kipaza sauti cha msikiti.
Sheha au mjumbe wake. Nyingine, taja.
Swali hili nililitunga mwenyewe, Tunguu,
katika chumba chenye feni isiyozunguka,
nikaliona limekamilika, halina tundu.

Wete, Mshelishelini, siku ya tatu ya dodoso.
Masika yamekwisha zamani; ukutani
mstari wa tope umebaki, sawa na swichi ya taa.
Bi Kazija Khatib anachambua karafuu,
vidole havisimami nikimsomea fomu ya ridhaa,
kifungu cha usiri, kifungu cha hiari,
"unaweza kujitoa wakati wowote."
"Nijitoe niende wapi, mwanangu? Hapa ni kwangu."

Ujumbe wa simu? Ulikuja.
Mjukuu alimsomea kesho yake,
simu ilipopata chaji na kuku wameshakufa.
Redio? Ilisema mvua kubwa, baadhi ya maeneo.
"Nami nikajua baadhi si mimi."
Kipaza sauti? Umeme ule ule.
Sheha? Sheha Bakar alikuwa ng'ambo ya bonde,
na bonde lenyewe ndilo lililokuwa habari.

Basi nyingine, bibi. Taja.

Akatenga vikonyo kando.
"Aliyenigongea ni Mkasi."

Mkasi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta,
hawasemi mwaka wa tisa huu
kwa sababu ya mkarafuu ulioota mpakani
na neno moja lililotamkwa kwenye hitima.
Hawapeani moto, hawapeani chumvi,
wakikutana mferejini kila mmoja hutazama ndoo yake.

Usiku ule Mkasi aliupiga mlango kwa mchi.
Hakubisha hodi. Alisema, "Kazija, toka. Maji."
Maneno matatu, baada ya miaka tisa.

"Nikatoka. Sikuuliza hata kanga yangu iko wapi.
Angekuwa dada yangu, ningemwambia ngoja kidogo.
Angekuwa sheha, ningesema keshaanza.
Lakini mtu aliyekula yamini asikutaje jina,
akikutaja saa nane za usiku,
huyo hana shaka tena, na wewe usiwe nayo."

Nikabaki na kalamu.
Vitabu vyangu vina sura nzima juu ya chanzo kinachoaminika:
kipendwe, kizoeleke, kirudie ujumbe mara kwa mara.
Hakuna jedwali la chuki iliyovuka ua usiku.
Niliandika: Nyingine, jirani.
Nikafuta. Nikaandika: Nyingine, mchi.
Nikafuta na hilo, karatasi ikatoboka.

Dokta Zume, msimamizi wangu, aliandika kwa wino mwekundu:
"Tukio la mtu mmoja. Halijumlishiki. Hamishia kiambatisho."
Ana haki. Serikali haiwezi
kumgawia kila mwenye mlango hasimu wake
na kumweka tayari kabla ya Machi.
Nimelihamisha. Lipo nyuma kabisa,
baada ya ramani ya mabonde,
mahali ambapo hata mimi nisingefika kusoma.

Lakini siku ile, nikifunga mkoba,
nilimuuliza lisilokuwemo kwenye dodoso:
na sasa mnasemezana?

"Hata," akasema. "Maji hayajarudi."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akitwanga.
Mchi ukanyamaza.
Vidole vya Bi Kazija vikasimama juu ya karafuu,
kwa mara ya kwanza tangu niingie,
mpaka mchi ukaanza tena.